Kati ya Vitabu Viwili: Nchi ya Lukuledi katika Historia ya Miongozo ya Ndege

Mwongozo wa ndege, yaani kitabu chepesi chenye picha, ramani na maelezo mafupi ambacho mtu hukibeba porini ili amtambue ndege aliye hai, ni chombo cha karne ya 20. Kabla yake wataalamu wa Ulaya walimtambua ndege akiwa amekwisha kufa: alipigwa risasi, akachunwa, ngozi yake ikajazwa pamba na kulazwa katika droo ya makumbusho, na huko bawa na mdomo vikapimwa kwa milimita kabla hajapewa jina. Historia hiyo ya bunduki na droo iliigusa mapema nchi inayopitiwa na Mto Lukuledi, lakini ile ya kitabu cha kubebwa mkononi ilichelewa sana kuifikia, na kuchelewa huko hakukusababishwa na uhaba wa ndege.

Lukuledi hutiririka kutoka pande za Masasi hadi Lindi, ikiwa na uwanda wa juu wa Wamakonde, penye mji wa Newala, upande wa kusini, na uwanda wa Rondo upande wa kaskazini. Wageni wenye kalamu walifika huko zamani. Wamisionari wa Kianglikana chini ya Askofu Edward Steere walianzisha makazi ya watumwa walioachwa huru Masasi mwaka 1876. Wabenediktini walijenga kituo chao Lukuledi mwaka 1895, nacho kikachomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Na mwaka uliofuata Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig, alipita Masasi na Newala akiandika habari za jando, unyago na vinyago. Ndege waliandikwa na watu wengine, na maandishi yao yalielekea Berlin, alikokuwa Anton Reichenow, msimamizi wa ngozi za ndege katika makumbusho ya mji huo, ambaye kati ya miaka 1900 na 1905 alichapa kitabu kikubwa cha ndege wa Afrika nzima. Mwaka 1901 Reichenow alimpa jina la mkusanyaji Stierling kigong'ota mdogo wa misitu ya miombo, na mwaka 1911 Hermann Grote, aliyekusanya ndege Mikindani, chini ya uwanda wa Wamakonde, alimpa jina la Reichenow mwenyewe ndege mdogo wa vichakani ajulikanaye kitaalamu kama *Batis reichenowi*. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama huyo ni spishi kamili, yaani aina inayojitegemea, au ni tawi tu la aina nyingine.

Si kwamba utambuzi wa ndege ulianza na Wajerumani hao. Mrina asali amfuataye ndege anayemwongoza kwenye mzinga lazima amjue kwa sauti kabla ya kumwona, na lazima ndege naye aijue sauti ya mrina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu warina asali wa Kiyao wa Niassa, ng'ambo ya Ruvuma, ulithibitisha kuwa mlio wao maalumu humvuta ndege huyo kuliko sauti nyingine za binadamu. Elimu ya namna hiyo haikupimwa kwa milimita, wala haikuhitaji ngozi.

Kwa wasomaji wa vitabu, badiliko lilitoka Marekani mwaka 1934, Roger Tory Peterson alipochapa mwongozo ambamo ndege waliofanana walichorwa pamoja, na mishale midogo ikaelekezwa kwenye alama bainishi, yaani zile dalili chache zinazoonekana kwa darubini na kumtenga ndege mmoja na mwenzake. Afrika Mashariki iliendelea kwanza na vitabu vya mezani: juzuu mbili za Mackworth-Praed na Grant, za mwaka 1952 na 1955, zilishughulikia Tanganyika yote, kusini ikiwemo, lakini uzito wake haukumfaa mtembea kwa miguu. Mwaka 1963 John G. Williams, aliyekuwa mtunzaji wa ndege katika Makumbusho ya Coryndon, Nairobi, alitoa mwongozo wa kubebeka, ingawa si kila ndege aliyetajwa humo alichorwa.

Baada ya hapo ukatokea mgawanyo ambao kwa Lukuledi ulikuwa na madhara zaidi kuliko uchache wa vitabu. Miongozo ya kusini mwa Afrika, kama ule wa Kenneth Newman wa mwaka 1983, iliishia Mto Zambezi. Kitabu mashuhuri cha Zimmerman, Turner na Pearson cha mwaka 1996 kilishughulikia Kenya na kaskazini mwa Tanzania tu. Mipaka hiyo ilifuata njia za watalii na soko la vitabu, na hakuna ubaya katika mchapaji kutafuta wanunuzi. Lakini kigong'ota wa Stierling, ambaye makazi yake ni kusini mwa Tanzania, Malawi na kaskazini mwa Msumbiji, aliangukia katikati. Mfano wa ajabu zaidi ni ndege mnene wa kijani kibichi mwenye mdomo mzito, ambaye tawi lake liitwalo *woodwardi* linajulikana Rondo na katika msitu mmoja wa Ngoye, Afrika Kusini: msomaji wa mwongozo wa kusini alimwona kama ndege wa msitu mmoja tu, asijue kwamba ana ndugu karibu na Lindi.

Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu kubwa mwaka 2002, Terry Stevenson na John Fanshawe walipounganisha Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi katika mwongozo mmoja, kila picha ikiwa na maelezo na ramani upande wa pili. Mwaka uliofuata Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji, na safari ya barabara kuelekea Lindi na Masasi ikaacha kutegemea kivuko. Ramani za miongozo, hata hivyo, hutegemea orodha za watu waliofika mahali na kuandika walichokiona. Atlasi ya Ndege wa Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1985, hukusanya orodha hizo mraba kwa mraba, na mraba usiotembelewa hubaki mweupe hata kama miti yake imejaa ndege.