Chumba cha Sally Hemings

Mwaka 1941 wasimamizi wa Monticello, nyumba ya Rais Thomas Jefferson huko Virginia, Marekani, waliwajengea wageni choo cha wanaume. Walikiweka katika chumba ambacho leo wanahistoria wanaamini kilikuwa cha Sally Hemings, mtumwa aliyezaa na Jefferson watoto wasiopungua sita. Kwa miongo kadhaa watalii waliingia humo, wakanawa mikono, kisha wakaenda kustaajabia vitabu vya rais huyo.

Jefferson, mwandishi mkuu wa Tangazo la Uhuru la 1776, alimiliki zaidi ya watu 600 maishani mwake.

Si kwamba ushahidi wa uhusiano wake na Sally ulikosekana. Mwaka 1873 Madison Hemings, seremala wa Ohio, alilieleza gazeti la huko kwamba Jefferson ndiye baba yake. Mama yake Sally, alisema, angeweza kubaki Paris, alikokuwa akikaa na Jefferson, akiwa huru. Alikubali kurudi baada ya kuahidiwa kwamba watoto wake wataachwa huru wakitimiza miaka 21. Wanahistoria wengi walimpuuza, wakashikilia maneno ya wajukuu wa Jefferson waliokanusha. Ilibidi vije vipimo vya vinasaba vya 1998 ndipo neno la mtoto juu ya wazazi wake lipewe uzito. Ni aibu kwa taaluma nzima.

Lakini watafiti wa Monticello hawakusubiri maabara. Tangu 1993 walikuwa wakiwafuata wazao wa watumwa hadi majumbani mwao na kurekodi masimulizi ya familia. Masimulizi hayo yamebadili kinachosemwa kwa wageni. Juni 2018, choo kikiwa kimeshaondolewa, chumba kile kilifunguliwa kuwa maonyesho ya maisha ya Sally. Hakuna picha yake inayojulikana, na waandaaji walikataa kumbunia sura: kuna kiunzi chenye umbo la gauni, kivuli ukutani, na maneno ya Madison.

Jikoni nako wapishi wanatajwa kwa majina. Edith Fossett alifundishwa mapishi ya Kifaransa katika Ikulu ya Washington. Jefferson alipofariki mwaka 1826, wosia wake ulimwacha huru mume wa Edith, mhunzi Joseph, lakini si Edith wala watoto wao. Januari 1827 Edith na watoto walikuwa miongoni mwa watu wapatao 130 waliopigwa mnada. Joseph alihangaika kuwakomboa mmoja mmoja. Mwanawe Peter, aliyeuzwa akiwa na miaka 11, hakupata uhuru hadi karibu mwaka 1850.