Kuganda bila barafu

Wengi wakisikia “kuganda” hufikiria friza. Mbona samli huganda kabatini, na damu kidondani? Hata chumvi ya Glauber, yenye maji ndani ya fuwele zake, huganda kwenye nyuzi 32 za Selsiasi, joto la mchana wa Dar es Salaam, na ikiganda hurudisha joto ililomeza ilipoyeyuka. Mwaka 1948 mwanasayansi Mária Telkes aliitumia kupasha moto nyumba ya Dover, Massachusetts. Baada ya misimu michache ya baridi chumvi hiyo ikajitenga, ikatuama chini ya vyombo. Siku hizi huongezwa kitu cha kuifanya nzito kama uji, isizame, na boraksi kidogo, maana bila hiyo hupoa ikabaki majimaji. Hali hiyo ningeiita kugoma kuganda.