Mwenzi yuko Uingereza, wewe uko nyumbani: jinsi ombi la viza ya wanandoa linavyopimwa

Ndoa imefungwa, wageni wamekula pilau na kutawanyika, na baada ya wiki mbili likizo ya bwana harusi imekwisha. Anapanda ndege kurudi Uingereza. Bibi harusi anabaki kijijini, cheti cha ndoa kikiwa ndani ya bahasha juu ya kabati. Wengi hudhani kazi kubwa imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Cheti cha ndoa hakimpi mtu ruhusa ya kuingia Uingereza. Kinampa nafasi ya kuomba tu.

Maelezo haya ni kwa msikilizaji aliye Tanzania, Kenya au nchi jirani, ambaye mume wake, mke wake au mchumba wake anaishi Uingereza. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: afisa atakayeamua huenda asikuone kabisa. Waombaji wengi hawaitwi kwenye mahojiano. Afisa anasoma karatasi, analinganisha tarehe na majina, kisha anaandika jibu. Mapenzi ambayo hayakuacha alama kwenye karatasi au kwenye simu, kwake ni kama hayakuwapo.

Nani anaweza kumwita mwenzake

Si kila anayeishi Uingereza anaweza kumleta mwenzake kwa njia hii. Kwa kawaida anatakiwa awe raia wa Uingereza au Ireland, au awe na kibali cha kuishi huko moja kwa moja. Mtu aliye huko kwa viza ya kazi au ya masomo anafuata kanuni nyingine. Hapa Wakenya wengi wameumia: walioomba viza ya kazi ya kutunza wazee na wagonjwa kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuwaleta wenzi wala watoto. Kwa hiyo kabla hujauza ng'ombe, muulize mwenzako swali moja la wazi: wewe uko huko kwa kibali gani? Akijibu kwa mafumbo, omba akutumie picha ya kibali chenyewe.

Nyote wawili lazima muwe na umri wa miaka 18 au zaidi, hata kama sheria ya nyumbani inaruhusu ndoa ya mdogo wa hapo. Lazima pia muwe mmewahi kuonana ana kwa ana. Waliojuana mtandaoni na kuchumbiana kwa video tu, bila kukutana, hawastahili. Na kwa ndoa za mitala, Uingereza haimpi viza mke mwingine ikiwa kuna mke aliye hai ambaye tayari alipewa viza kama mke wa mwanamume huyo, au ambaye amewahi kukaa huko tangu waoane.

Wasiooana nao wana njia. Mchumba huomba viza ya miezi 6, na ndani ya muda huo lazima ndoa ifungwe huko huko. Kabla ya kubadilisha viza haruhusiwi kufanya kazi. Wapenzi ambao uhusiano wao umefanana na ndoa kwa angalau miaka 2 wanaweza kuomba pia, lakini mzigo wao wa ushahidi ni mzito zaidi.

Tahadhari moja hapa: kuna watu wanaoshauri uombe viza ya matembezi, ukifika ubadilishe. Haiwezekani. Aliyeingia kama mgeni hawezi kubadilisha kuwa viza ya mwenzi akiwa ndani ya nchi.

Fedha: kikwazo kilicho mikononi mwa mwenzako

Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mwenzi aliye Uingereza anatakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kukatwa kodi. Kabla ya hapo kilikuwa pauni 18,600. Ongezeko hilo si dogo. Mtu anayelipwa kima cha chini cha mwaka 2025, pauni 12.21 kwa saa, akifanya kazi saa 40 kila wiki bila kukosa, anapata kama pauni 25,400 kwa mwaka. Hafiki. Kwa hiyo ukimsikia mumeo anasema amechukua zamu za usiku ili akuite, huenda anasema kweli tupu.

Mshahara wako wewe wa nyumbani hauhesabiwi, hata ukiwa mwalimu au nesi mwenye cheo. Shamba na ng'ombe navyo havihesabiwi vikiwa shamba na ng'ombe. Akiba ya fedha taslimu iliyo benki inahesabiwa, yako au ya mwenzako, lakini iwe imekaa miezi 6 mfululizo, na asiye na kipato chochote anahitaji pauni 88,500. Mwenzi anayepokea baadhi ya malipo ya ulemavu au ya kumhudumia mlemavu hapimwi kwa kiasi cha pauni 29,000. Anapimwa kama anaweza kuitunza familia bila kuongezewa msaada wa serikali.

Aliyeajiriwa sehemu moja kwa miezi 6 au zaidi hutoa hati za mshahara za miezi 6 na taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na kila mshahara uonekane ukiingia benki kwa kiasi kile kile. Mwezi mmoja ukikosekana, ombi linaweza kuanguka kwa mwezi huo huo. Huu ndio upande ambao wewe huwezi kuurekebisha ukiwa Sumbawanga au Kitui. Unachoweza ni kumsisitizia mwenzako asikimbilie kuomba kabla miezi haijatimia.

Gharama zenyewe ni kubwa. Aprili 2025 ada ya ombi kutoka nje ya nchi ilipandishwa hadi pauni 1,938. Juu yake kuna malipo ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa viza ya mwenzi hufikia pauni 3,105 na hulipwa yote mwanzoni. Kwa viwango hivyo jumla ilikuwa pauni 5,043: zaidi ya shilingi milioni 15 za Tanzania, au zaidi ya laki nane za Kenya. Ukikataliwa, malipo ya afya hurudishwa. Ada ya ombi hairudi. Viwango hivi hubadilika mara kwa mara, hasa mwezi Aprili, basi vitazame kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, kabla ya kulipa.

Ushahidi wa watu wasioishi pamoja

Wanaoishi nyumba moja huonyesha bili za umeme na mkataba wa pango. Ninyi mnaoishi nchi mbili mtaonyesha nini? Mna zaidi ya mnavyodhani, ila mwingi unapotea kila siku.

Kila fedha aliyokutumia kwa kampuni ya kutuma fedha au kwa M-Pesa ina tarehe, kiasi na majina. Meseji ikifutika si mwisho wa mambo, maana taarifa ya miamala unaweza kuiomba kwa kampuni yako ya simu. Laini iwe imesajiliwa kwa jina lako. Ukipokelea fedha kwenye laini ya shemeji, karatasi itasema shemeji ndiye aliyetumiwa.

Orodha ya simu za WhatsApp nayo ni ushahidi. Piga picha ya skrini mara moja kwa mwezi, tarehe zikionekana, kisha mtumie mwenzako azihifadhi kwake. Simu za kijijini huanguka kwenye ndoo ya maji au huibiwa mnadani, na miaka mitatu ya mazungumzo huondoka nazo.

Usipeleke mazungumzo yote. Hakuna afisa wa kusoma kurasa 800 za "umelalaje". Vipande vichache kutoka kila kipindi cha uhusiano vinatosha, kuonyesha kwamba hamkuwahi kupotezana. Kuna sababu nyingine ya kuchagua kidogo: karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza, pamoja na mazungumzo ya Kiswahili au Kisukuma, inatakiwa iambatane na tafsiri yenye jina, saini, tarehe na mawasiliano ya mfasiri. Tafsiri hulipiwa kwa ukurasa.

Safari zina uzito wa pekee. Kila mwenzako alipokuja, tunza tiketi yake, nakala ya mihuri ya pasipoti, risiti ya nyumba ya wageni, na picha mkiwa na wazazi. Picha moja ya bibi yako akimshika mkono mkwe inaeleza kuliko picha kumi za wawili peke yenu. Barua ya mzazi, ya mwenyekiti wa kijiji au ya chifu inasaidia ikieleza aliyoyaona mwenyewe: alikuja lini, alifikia kwa nani, mahari ilitolewa lini. Barua inayosema tu kwamba mnapendana sana haina kazi.

Kama kuna kipindi hamkuzungumza, mlikosana au mmoja aliugua, kiandikeni kwenye barua ya maelezo. Pengo lililoelezwa linaeleweka. Lililofichwa linazua maswali.

Karatasi za nyumbani

Ndoa iwe ile inayotambuliwa na sheria ya mahali ilipofungwa. Tanzania Bara, hakikisha ndoa iliyofungwa kanisani, msikitini au kwa mkuu wa wilaya imesajiliwa na RITA. Kenya, ndoa ya kimila nayo husajiliwa tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Nchi zote mbili hudai taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa ya kiserikali, kwa hiyo mwenzi anayekuja kwa likizo ya wiki mbili akitaka kuoa papo hapo, taarifa ipelekwe mapema.

Aliyewahi kuoa au kuolewa aonyeshe ndoa ile ilivyokwisha: hati ya talaka, au cheti cha kifo. Talaka iliyotamkwa ukumbini mbele ya wajomba, bila karatasi ya mahakama, haitamtosheleza afisa.

Majina husumbua kuliko yote. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Juma, kitambulisho kinasema Mwanahawa Juma Ally, pasipoti imeacha jina la babu. Kijijini kila mtu anajua ni wewe. Huko hawajui. Rekebisha kabla ya kuomba, au ambatisha kiapo cha mahakamani kinachoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja.

Mtoto mliyezaa pamoja huenda tayari ni raia wa Uingereza kupitia mzazi wake, na hapo anahitaji pasipoti, si viza. Angalieni hili kabla ya kumlipia ada.

Kifua na Kiingereza

Anayeomba kutoka Afrika Mashariki hupimwa kifua kikuu kwenye kituo kilichoidhinishwa tu. Cheti cha hospitali ya wilaya hakikubaliwi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, hupima Nairobi na Dar es Salaam. Hupigwa picha ya kifua, na ikiwa haiko wazi hutakiwa makohozi, ambayo majibu yake yanaweza kuchukua hadi miezi 2. Mama mjamzito aseme mapema kwamba ana mimba. Cheti hudumu miezi 6.

Mtihani wa Kiingereza ni wa ngazi ya chini kabisa, A1: kusikiliza na kuzungumza, basi. Hakuna kuandika insha. Lakini uwe mtihani ulio kwenye orodha ya serikali ya Uingereza, kwani wengi wamelipia mtihani mzuri usiokubaliwa. Mwenye umri wa miaka 65 au zaidi hausiki.

Kutuma ombi, na kungoja jibu

Fomu hujazwa kwenye intaneti. Baada ya kulipa unachagua siku ya kwenda kituo cha viza mjini kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Muda wa kawaida wa kungoja jibu ni wiki 12.

Hapa ndipo vishoka hujitokeza, wakidai wana mtu ndani ya ubalozi. Atakayekutengenezea hati ya mshahara ya uongo anakuharibia zaidi ya ombi moja, kwa sababu kumbukumbu ya udanganyifu hubaki na itasomwa kila utakapoomba tena. Mshauri wa masuala ya uhamiaji aliye Uingereza anatakiwa awe wakili au awe amesajiliwa na mamlaka ya huko, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa yeyote kuitazama.

Ukipata, viza ya mke au mume huwa ya miaka 2 na miezi 9, na unaruhusiwa kufanya kazi. Ikitokea mwenzi aliyekuita anakupiga au anakunyanyasa, usiamini akikutishia kwamba bila yeye utafukuzwa nchini. Aliyeingia kwa viza ya mwenzi na kuteswa ana njia yake ya kuomba kubaki bila kumtegemea mtesaji.

Ukikataliwa, barua hutaja sababu na haki yako ya kukata rufaa. Aliye nje ya Uingereza ana siku 28 tangu apokee uamuzi. Wakati mwingine kuomba upya ni bora kuliko rufaa, hasa kama kilichokosekana ni karatasi moja iliyosahaulika. Taarifa huja kwa baruapepe, na hapo kuna mtego wa kijinga unaowanasa wengi: baruapepe ilifunguliwa na kijana wa steshenari, au wa saiba kama wasemavyo Kenya, na nywila anaijua yeye peke yake. Kijana akihama mji, siku 28 zinapita barua ikiwa haijafunguliwa. Fungua baruapepe yako mwenyewe, andika nywila kwenye daftari, na iweke bahasha moja na cheti cha ndoa.