Upinde wa Utotoni

Atokaye Ganako, kwenye nyanda za juu za Karatu ambako Wairaqw hulima ngano na mahindi, akateremka kuelekea Mang'ola na ziwa Eyasi, huiacha baridi nyuma yake na kuingia nchi ya mibuyu na miiba, makao ya Wahadzabe, ambao majirani walizoea kuwaita Watindiga. Na huko elimu ya shabaha haikupata kuwa na uwanja wala mwalimu, kwani mtoto wa kiume, akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, hupewa upinde mdogo na vijishale vya mti mtupu, akashinda kutwa kuwavizia ndege, panya na mijusi pembezoni mwa kambi.

Mtazame mzee anyooshapo mshale: huupasha motoni, huuma kwa meno pale ulipopinda, hufumba jicho moja akaukagua urefu wake wote, kisha huurudisha motoni tena; na kijana aketiye ubavuni mwake huiga yayo hayo kwa kijiti chake, pasipo kuambiwa neno.

Wazungu waliofika Ngorongoro, tangu Oscar Baumann mwaka 1892 hata ndugu wawili Siedentopf waliofanya mashamba ndani ya kreta kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuja na bunduki, na mwenye bunduki hujizoeza kupiga mbali, ilhali mwenye upinde hana budi kujizoeza kukaribia. Upinde wa mtu mzima huhitaji nguvu ya kilo 30 na zaidi kuuvuta, lakini nguvu hizo ni bure kwa asiyejua kunyamaza usiku kucha kando ya maji, wala kusubiri sumu ya utomvu ifanye kazi yake ndipo aufuate unyayo.

Vyembe vya chuma Wahadzabe walivipata kwa wahunzi wa Kidatoga, kwa kubadilishana na asali na nyama, na baadaye wakaponda misumari wenyewe. Ndiyo mali iwekwayo dau wanaume wachezapo lukuchuko, kamari ya vipande vya magome, pamoja na visu, shanga na nguo; lakini upinde, mfuko wa ngozi, na mishale ya ndege isiyo na chuma, mfano wa ile waliyoanza nayo utotoni, haviwekwi dau.