Mtawa Aliyewapokea Walevi

Mlevi akiletwa hospitali usiku, anatapika, anatetemeka na kuwatukana watu, nani ampokee? Swali hili si letu peke yetu. Huko Marekani liliwasumbua watu miaka mingi, nami nataka kuwasimulia jinsi lilivyojibiwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, mwaka 1939.

Waganga walikuwa wamekwisha kunena zamani ya kuwa ulevi uliozidi ni ugonjwa. Benjamin Rush wa Philadelphia aliandika hivyo mwaka 1784, na Thomas Trotter, mganga wa manowari za Waingereza, mwaka 1804 alisema kwamba ni maradhi ya akili. Walakini kunena ni rahisi. Hospitali nyingi ziliendelea kuwakataa walevi, maana walifanya ghasia, hawakulipa, na wakipata nafuu walirudia chupa. Mwaka 1920 Serikali ya Marekani ilikataza kuuza vileo. Mwaka 1933 katazo likaondolewa, na walevi wangali mlangoni. Maskini miongoni mwao walitiwa gerezani au katika nyumba za wenye wazimu.

Basi katika Akron ilikuwako hospitali ya Mtakatifu Thomas, iliyofunguliwa mwaka 1928 na watawa. Aliyeandikisha wagonjwa mlangoni aliitwa Sista Ignatia. Alizaliwa Ireland mwaka 1889, akaletwa Marekani angali mtoto, na kabla ya kuja Akron alikuwa mwalimu wa muziki. Kazi ile ilimlemea hata akaugua, mwili na akili pamoja, ikambidi aiache. Hakuwa muuguzi kwa elimu. Lakini mtu aliyekwisha kulala kitandani akiogopa kwamba akili yake haitarudi, huyo amesoma jambo ambalo sisi walimu hatuwezi kulifundisha ubaoni.

Daktari mmoja wa mji ule, Robert Smith, alikuwa mlevi mwenyewe. Alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, baada ya kukutana na mlevi mwenzake aliyeacha, na toka siku hiyo wakaanza kuwatafuta wengine. Ndicho chanzo cha kile chama cha walevi wasiotaja majina yao, kilichoenea leo duniani kote. Smith alimwomba Sista ampe kitanda. Sista aliona shaka, kwa sababu mara moja alikuwa amempokea mlevi, naye akawahangaisha wauguzi usiku kucha, wakamlaumu. Hata hivyo tarehe 16 Agosti 1939 alikubali. Katika daftari aliandika kwamba mgonjwa ana uvimbe wa tumbo. Je, huo ni uongo? Nimelifikiri sana jambo hili. Tumbo la mlevi mara nyingi limevimba kweli kweli. Lakini Sista alijua vema ya kuwa akiandika neno lililo kamili, mtu yule atarudishwa barabarani. Mimi simlaumu.

Kesho yake Smith aliomba mgonjwa awekwe faraghani, kwa kuwa wenzake watakuja kuzungumza naye. Nafasi haikuwapo, ila kijumba kidogo cha kutengenezea maua ya wagonjwa. Kitanda kikasukumwa humo, kikaenea kwa shida.

Baadaye walipata wodi yao, karibu na kanisa dogo la hospitali. Mgonjwa alikaa siku 5. Hakufungwa wala hakuhubiriwa kwa ukali. Kahawa ilikuwa tayari daima, na kila siku waliingia watu waliokwisha kuacha, wakamweleza habari zao wenyewe. Daktari Smith alipenda kuwalisha wagonjwa nyanya, kabichi iliyochachushwa na asali ya mahindi. Leo dawa hiyo hatuisikii tena, bali hupewa vitamini B1, maana ulevi huila mwilini na ubongo ukaharibika.

Hapa niseme neno moja juu ya hatari, kwa kuwa wako watu vijijini wamfungiao mlevi chumbani ili aache kwa nguvu. Aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatizwa ghafula, aweza kufa. Kwanza hutetemeka na kutoka jasho. Katika siku 2 za kwanza aweza kushikwa na kifafa. Siku ya 2 hata ya 4 huweza kuona wadudu na watu wasiokuwapo, moyo ukienda mbio. Kwa hiyo muuguzi wa leo humpima kila baada ya saa chache, humpa dawa ya kutuliza kwa kipimo cha daktari, na husema naye kwa upole, taa ikiwaka, ili asitishike. Mtu wa namna hii apelekwe hospitali.

Chama cha Madaktari wa Marekani kilizihimiza hospitali kuwapokea walevi kama wagonjwa mwaka 1956, yaani miaka 17 baada ya kitanda kile kuingizwa katika kijumba cha maua. Wakati huo walevi wapatao 5,000 walikuwa wamekwisha kupita Akron, na Sista alikuwa amehamishiwa Cleveland tangu 1952, akafungua wodi nyingine. Alifariki tarehe 1 Aprili 1966. Kila aliyetoka wodini alimpa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu, akamwagiza kwamba siku atakapotaka kunywa tena, kabla ya kugusa bilauri, aje kwanza amrudishie mkononi mwake.