Arkidikoni Owen na Watoto wa Mashamba ya Chai



Katika kijitabu cha mwaka huu twapenda kukumbusha habari za kasisi mmoja aliyejua kuwa watoto wanafanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, akakataa kunyamaza. Sababu ya kuichagua habari hii itaonekana mbele.

Yatupasa kuanza na ardhi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya wakoloni ilitenga ardhi ya Wakipsigis ipatayo ekari 25,000, ikawapa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani. Hao walipanda kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mpango wao ukafa upesi. Hata hivyo ardhi haikurudi kwa wenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yalikuwa yameingia. Nayo chai, kama kila mmoja wetu ajuavyo, haina msimu mmoja kama mahindi: huchumwa mwaka mzima, majani mawili na kichipukizi, na yataka mikono mingi. Kodi ya nyumba ilidai fedha, basi mikono ikaja. Mingine ilikuwa midogo sana.

Kasisi tunayemtaja ni Walter Edwin Owen wa misioni ya CMS. Alifika Uganda mwaka 1904, na mwaka 1918 akawekwa kuwa Arkidikoni wa Kavirondo, yaani msimamizi wa makasisi wa Nyanza chini ya Askofu. Mwaka 1921 vijana waliosomeshwa Maseno waliunda chama ambacho watu walikiita Piny Owacho, maana yake "nchi imesema". Walilalamikia kipande, kodi, na kazi ya kulazimishwa. Mwaka 1923 Owen alikigeuza chama hicho kuwa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo, naye mwenyewe akawa rais wake. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Wako walionung'unika kwamba sauti ya nchi imezikwa chooni, na sisi twaona walikuwa na haki kwa nusu. Maana mtu akiomba arudishiwe haki yake, si vema apewe kwanza hesabu ya panya.

Lakini nusu ya pili ni hii. Owen huyo huyo aliandika bila kuchoka juu ya wanawake na wasichana waliolazimishwa kutengeneza barabara, hata walowezi wakakipotoa cheo chake kwa Kiingereza, wakamwita kwa jina la shetani. Si kwamba hakupenda sala. Alisoma Biblia ile ile tuisomayo, yenye Nabii Amosi akiwakemea wamwuzao maskini, na Waraka wa Yakobo usemao habari za ujira uliozuiliwa. Akaona kwamba maneno hayo yawahusu watu wanaolipa mishahara katika nchi hii, sio Waisraeli wa kale peke yao.

Sheria ya ajira ya mwaka 1937 ilikataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 10. Kwa maneno mengine, wa miaka 10 aliruhusiwa. Tena ni nani aliyejua miaka ya mtoto ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikwa popote? Mwaka 1938 Owen alipeleka malalamiko yake hata katika gazeti la Manchester Guardian huko Uingereza. Wenye mashamba walijitetea kwamba kazi ni nyepesi na watoto huja kwa hiari yao. Mwaka huo huo serikali iliunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto, nayo ikashauri umri upandishwe hadi miaka 12.

Miaka miwili tu! Kodi iliyowatoa watoto nyumbani haikuguswa, wala ardhi. Owen alifariki mwaka 1945, na baada yake watoto waliendelea kuonekana katika chai. Hata hivyo twaiheshimu miaka ile miwili, kwa kuwa kwa mtoto wa miaka 10 si kitu kidogo.

Sasa tuseme sababu yetu. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kuajiriwa, na sehemu ya chai ya Kericho na Bomet iko mikononi mwa wakulima wadogo, yaani sisi wenyewe. Mwaka uliopita Kamati yetu ya karo ilipokea barua ya mwalimu juu ya mvulana wa miaka 11 aliyeombewa msaada. Mwalimu alieleza kwamba mtoto hukosa darasani kila siku ambayo majani hupelekwa kituoni. Tulipouliza ni shamba la nani, ilibainika kuwa ni la mwanachama wetu, mtu wa kanisa, anayeketi kiti cha mbele.

Wengine walishauri jambo hilo limalizwe kimya kimya. Mwanachama huyo alisimama mwenyewe katika mkutano, akasema kwamba alidhani anamsaidia mama wa mtoto, ambaye ni mjane. Karo imelipwa. Mama ameajiriwa mahali pa mwanawe, kwa ujira wa mtu mzima, na suala la wachumaji wengine walio watoto katika mashamba yetu limewekwa la kwanza katika ajenda ya mkutano ujao.