Meno ya kahawia ya Nakuru na kisa cha jina "floraidi"

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumze kemia.

Ukikaa Nakuru, Gilgil au Naivasha utakutana na watu wengi wenye meno ya kahawia. Wengine huchekwa eti hawapigi mswaki. Huo ni uonevu mtupu! Mimi si mkemia, kazi yangu ni kuandika programu, lakini kisa hiki kinanigusa kwa kuwa ni kisa cha majina. Kila mwandishi wa programu anajua jina baya linavyoweza kuficha kosa kwa miaka mingi.

Tuanzie Paris mwaka 1787. Hadi wakati huo chumvi nyingi ziliitwa kwa jina la mtu au la mahali: chumvi ya Glauber, chumvi ya Epsom. Jina halikukuambia ndani mna nini. Mwaka huo Lavoisier, Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy walitoa utaratibu mpya, kwamba jina litaje vitu vilivyoungana. Ndiyo maana leo chumvi ya Glauber huitwa sodiamu salfeti.

Vinaunganaje? Mwaka 1834 Faraday alileta neno "ioni", kutoka Kigiriki, lenye maana ya kitu kinachokwenda. Elektroni ikagunduliwa mwaka 1897, na mwaka 1916 Kossel akaeleza mambo hivi: atomu ya metali hutoa elektroni ikabaki na chaji chanya, nyingine huipokea ikapata chaji hasi, kisha hizo mbili huvutana. Metali hutajwa kwanza. Anayefuata hubadilishiwa mwisho wa jina: florini ikipokea elektroni huitwa floraidi.

Hesabu lazima ilingane. Sodiamu hutoa elektroni 1, kwa hiyo sodiamu floraidi ni NaF. Kalsiamu hutoa 2, kwa hiyo kalsiamu floraidi ni CaF₂. Hakuna haja ya kutaja idadi kwenye jina, maana chaji zimeshaamua. Chuma kina chaji zaidi ya moja, ndiyo maana mwaka 1919 Alfred Stock alipendekeza chaji iandikwe kwenye jina, na leo tunatumia namba za Kirumi.

Haya, turudi kwenye meno. Huko Marekani madoa kama haya yaliitwa "doa la Colorado". Unaona? Jina la mahali tena! Daktari wa meno Frederick McKay alihangaika nayo miaka mingi. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, ambako watoto walikuwa na madoa hayohayo, akakuta floraidi nyingi. Hapo ndipo mhusika alipopata jina lake halisi.

Na kwa nini Bonde la Ufa? Miamba yetu ya volkano hutoa sodiamu na floraidi. Maji yake yana kabonati nyingi, na kabonati hushikana na kalsiamu ikatuama kama chokaa. Sasa kumbuka majina yale mawili. Kalsiamu floraidi haiyeyuki kirahisi. Kule Kimwarer, Bonde la Kerio, ni jiwe lililochimbwa kwa miaka mingi. Sodiamu floraidi huyeyuka vizuri. Kalsiamu ikishaondoka, floraidi inakosa wa kuizuia, inabaki ndani ya maji unayokunywa.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru huzidi hapo. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu doa huingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi inabaki.

Dawa ilitoka kwenye kemia hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianza kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Mfupa umejaa kalsiamu na fosfeti, na ioni ya floraidi hukaa humo mahali pa ioni ya haidroksaidi. Yaani floraidi imerudishiwa kalsiamu iliyoikosa.

Basi ukimwona mtu wa kwetu ana meno ya kahawia, usimwulize kuhusu mswaki. Uliza alikunywa maji ya kisima gani utotoni.